Karama na muhuri: watafiti wanatufundisha nini juu ya uongozi wa makanisa ya Kipentekoste

Watu wametoka makaburini. Korali imeimba, wajumbe wa makanisa jirani wametoa pole, akina mama wamegawa chakula. Siku chache baada ya matanga wazee wanakutana, na maswali ambayo hakuna aliyethubutu kuyauliza baba mchungaji alipokuwa mzima yanakaa katikati yao. Muhuri wa kanisa uko kwa nani? Hati ya kiwanja imeandikwa kwa jina la nani? Nani anatia sahihi benki? Na Jumapili ijayo, nani atasimama madhabahuni?

Wengi wetu hapa mashariki tunajua mambo yanavyoweza kuendelea kutoka hapo. Wachungaji wawili, mihuri miwili, kufuli mpya mlangoni, kesi mahakamani. Kati ya hayo yote yuko mjane na watoto ambao hawajui kama nyumba wanayolala ni yao au ni ya kanisa. Waamini wanagawanyika, na wengine wanaacha kabisa kusali.

Tumezoea kueleza mambo haya kwa neno moja: tamaa. Ni kweli, tamaa ipo. Lakini kwa zaidi ya miaka hamsini watafiti wa vyuo vikuu wamechunguza namna makanisa ya Kipentekoste yanavyoongozwa, yanavyopangwa na yanavyopokezana kazi. Wanatuonyesha jambo ambalo neno "tamaa" peke yake halielezi: hata watu wema, wenye maombi, wanaanguka katika fujo hiyo hiyo ikiwa njia ya kupokezana uongozi haikutengenezwa mapema. Makala hii inaeleza kwa kifupi waliyoyaona, na kwa nini yanatuhusu.

Watafiti hawa ni nani?

Ndugu mmoja anaweza kuuliza: wasomi wanajua nini juu ya kazi ya Roho Mtakatifu? Swali lake ni la haki. Lakini wengi wa watafiti hawa walitoka ndani ya nyumba yenyewe.

Walter Hollenweger, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1927, alikuwa mchungaji wa Kipentekoste kabla ya kuandika, katika miaka ya 1960, tasnifu ya vitabu kumi juu ya Wapentekoste wa dunia nzima. Kuanzia 1971 alifundisha Birmingham, Uingereza, na Waafrika wengi walipitia chuo hicho kuandika habari za makanisa yao. Allan Anderson, aliyeendeleza kazi hiyo Birmingham, naye alikuwa mchungaji wa Kipentekoste Afrika Kusini. Opoku Onyinah wa Ghana alipata udaktari wake huko huko, kisha akarudi nyumbani na kuongoza Church of Pentecost kuanzia 2008 hadi 2018.

Kwetu Kongo, David Garrard alitumika Katanga kama mmisionari na akaandika historia ya Congo Evangelistic Mission, ile misioni iliyozaa jumuiya ya 30 ya Kanisa la Kristo katika Kongo, yaani CPCO. Juu ya misioni hiyo hiyo, David Maxwell wa Chuo Kikuu cha Cambridge alitoa kitabu kikubwa mwaka 2022.

Njia yao ya kazi ni ya kawaida. Wanasoma barua za zamani, daftari za mikutano na vitabu vya hesabu. Wanatazama picha. Wanakaa na wazee na kuwauliza mambo yalivyokuwa. Wanaingia ibadani na kuangalia nani anasema, nani anakaa mbele, nani anahesabu sadaka. Kazi yao haipimi Roho Mtakatifu. Inaangalia watu wanafanya nini baada ya Roho kuwatembelea.

Neno lililotoka kanisani na kurudi kanisani

Uchunguzi mwingi juu ya uongozi unaanzia kwa Mjerumani mmoja, Max Weber, aliyefariki mwaka 1920. Weber aliuliza: kwa nini watu wanamtii mtu? Akajibu kwamba kuna sababu tatu kubwa. Wanaweza kumtii kwa sababu ya desturi, kama vile mtu anavyomtii chifu kwa kuwa baba zake walimtii baba yake chifu. Wanaweza kumtii kwa sababu ya sheria, kama vile tunavyomtii mkuu wa ofisi kwa kuwa karatasi imempa kazi hiyo. Na wanaweza kumtii kwa sababu wanaona ndani yake kipawa kisicho cha kawaida. Hii ya tatu Weber aliiita karisma.

Neno hilo hakulibuni mwenyewe. Alilichukua kwa Rudolf Sohm, mwanahistoria wa sheria za kanisa, na Sohm alilitoa katika nyaraka za mtume Paulo. Ni neno lile lile la Kigiriki ambalo Biblia zetu zinalitafsiri "karama".

Jambo ambalo Weber aliliona ni hili: mamlaka ya karama ina nguvu sana, lakini haiwezi kukaa muda mrefu jinsi ilivyo. Haina mshahara, haina ofisi, haina kanuni. Inasimama juu ya mtu mmoja. Mtu huyo akizeeka au akifa, wafuasi wake wana njia mbili tu. Ama kazi yote inatawanyika, ama karama inajengewa nyumba: vyeo, kanuni, mapato, shule za Biblia. Na ndani ya nyumba hiyo, moto wa kwanza unaweza kulindwa au kuzimwa.

Historia yetu imejaa mifano. Mwaka 1914 Wapentekoste wa Marekani walipokutana Hot Springs, Arkansas, na kuunda Assemblies of God, hawakutaka kuandika kanuni ya imani, Biblia ilitosha. Miaka miwili baadaye, ubishi juu ya Utatu ulipotishia kuwapasua, waliketi na kuandika tamko la imani. Walilazimishwa na hali, si na wasomi.

Mwanasosholojia Thomas O'Dea alieleza mwaka 1961 shida nyingine ya nyumba hiyo. Kizazi cha kwanza kinakuja kwa moyo mmoja, kwa sababu hakuna kitu cha kupata isipokuwa mateso na furaha ya Bwana. Lakini kazi ikishakuwa na mshahara, nyumba na motokari, watu wanaanza kuja na mioyo iliyochanganyika: mmoja ameitwa, mwingine anatafuta maisha, na mara nyingi ni mtu yule yule mwenye mambo yote mawili ndani yake. Margaret Poloma alitumia mawazo ya O'Dea katika kitabu chake cha 1989 juu ya Assemblies of God. Alionyesha kwamba kanisa hilo liliendelea kuishi katikati ya mvutano huo: likiacha mpango linavunjika, likiacha karama linakauka.

Njia sita za kupokezana fimbo

Weber aliorodhesha namna sita ambazo karama hupita kutoka kwa kiongozi mmoja hadi kwa mwingine. Msomaji wa Biblia atazitambua zote.

Ya kwanza ni kumtafuta mtu mpya mwenye alama fulani, kama Samweli alivyotafuta kati ya wana wa Yese. Ya pili ni kwa ufunuo au kura, kama mitume walivyompata Mathia katika Matendo sura ya 1. Ya tatu ni kiongozi mwenyewe kumtaja atakayemfuata, kama Musa alivyomwekea Yoshua mikono mbele ya mkutano wote katika Hesabu 27. Ya nne ni watenda kazi au waamini kuchagua, kama wale saba wa Matendo 6. Ya tano ni urithi wa damu: mtoto wa mchungaji kuwa mchungaji. Ya sita ni ofisi yenyewe kubeba mamlaka, ili yeyote anayewekewa mikono kwa utaratibu apewe heshima ya kazi hiyo.

Biblia haikupuuza hatari ya njia ya tano. Wana wa Eli walidharau sadaka ya Bwana, na wana wa Samweli walipokea rushwa kule Beer-sheba, ingawa baba yao alikuwa mtu safi. Lakini watafiti hawasemi kwamba urithi wa damu unaharibu kila mara. Aimee Semple McPherson, mwinjilisti aliyeanzisha kanisa la Foursquare kule Los Angeles, alipofariki mwaka 1944 kazi ilipokewa na mwanawe Rolf. Aliongoza hadi 1988, na baada yake uongozi ukapita kwa mtu asiye wa ukoo huo. Kanisa halikufa.

Kwa hiyo hatari kubwa haiko katika njia hii au ile. Iko pale ambapo njia haijulikani. Kanisa lisilosema linatumia njia gani hujikuta siku ya matanga lina njia nne kwa mara moja: mtoto anadai urithi, msaidizi anasema marehemu alimtaja faraghani, wazee wanataka kupiga kura, na mama mmoja wa chumba cha maombi ameona maono. Kila mmoja ana andiko lake, na hakuna aliye na daftari.

Sweden na Kivu: mamlaka yasiyo na jina

Mfano huu unatugusa moja kwa moja, kwa sababu sehemu kubwa ya Wapentekoste wa Kivu ni wajukuu wa Skandinavia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wamisionari kutoka Sweden na Norway waliingia katika nchi hii ya maziwa. Kutokana na kazi yao tunayo leo CEPAC, jumuiya ya 8, na CELPA, jumuiya ya 5.

Huko Sweden kiongozi aliyejulikana kuliko wote alikuwa Lewi Pethrus, mchungaji wa kusanyiko la Filadelfia mjini Stockholm kuanzia 1911 hadi 1958. Mwaka 1913 umoja wa Wabatisti uliliondoa kusanyiko lake. Wapentekoste wa Sweden walishika fundisho kali: katika Agano Jipya hakuna chombo chochote juu ya kusanyiko la mahali. Hakuna askofu, hakuna ofisi ya taifa, hakuna rais. Mwaka 1929, baada ya ugomvi mkubwa, hata ofisi ya pamoja ya misioni ilivunjwa, na makusanyiko yakawatuma na kuwatunza wamisionari yenyewe.

Lakini kukosa ofisi hakukuondoa mamlaka. Pethrus hakuwa na cheo cha taifa, lakini neno lake lilisikika kutoka kaskazini hadi kusini mwa nchi. Gazeti la kila siku la Dagen, lililoanza mwaka 1945, na redio ya IBRA, iliyoanza 1955, vilitokana na maono yake. Nguvu ilikuwepo, na ilikuwa kubwa. Ila haikuandikwa popote. Na nguvu isiyoandikwa ina shida moja: hujui umuulize nani, wala umuulize wapi, wala inakwisha lini.

Sasa angalia yaliyotokea kwetu. Baada ya Kanisa la Kristo kuundwa mwaka 1970, sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilipanga namna dini zinavyotambuliwa na serikali, na Waprotestanti walitambuliwa chini ya paa moja. Kila jumuiya ilipata namba yake, na kila moja ilihitaji mwakilishi wa kisheria, mtu mmoja mwenye sahihi. Watoto wa misioni iliyofundisha kwamba hakuna chombo juu ya kusanyiko walipaswa kuwa na kiti kimoja juu ya mamia ya makusanyiko, pamoja na shule na hospitali.

Hakuna aliyefanya dhambi katika hilo. Ilikuwa lazima, bila sahihi hiyo hakuna kiwanja wala shule ya kanisa inayotambuliwa. Lakini tuone vizuri mzigo huo. Mafundisho ya uongozi tuliyoyapokea yalikuwa ya kusanyiko dogo lenye wazee wanaojuana. Kiti tulichopewa kilikuwa cha taasisi kubwa. Kati ya viwili hivyo kulibaki nafasi tupu, na migogoro mingi ya uongozi hukua katika nafasi kama hiyo. Wasweden wenyewe waliona haja ya kuungana: mwaka 2001 makusanyiko yao yaliunda umoja wa taifa.

Katanga 1960: kazi iliyosimama bila mwanzilishi

Mwezi wa Septemba 1915, Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walifika Mwanza katika nchi ya Waluba. Burton alikuwa injinia. Aliongoza misioni yao kwa miaka mingi, akaandika, akachora, akapiga picha. Ukisoma vitabu vya zamani vya wamisionari unaweza kufikiri kwamba kazi yote ilisimama juu ya mtu huyo.

Uchunguzi wa baadaye unaonyesha picha nyingine. Kati ya watu wa kwanza kupeleka Injili katika nchi hiyo walikuwa watu waliochukuliwa utumwani hadi Angola, wakaamini huko, na baada ya kupata uhuru wakarudi makwao wakiwa tayari na neno la Mungu. Mmoja anayekumbukwa ni Shalumbo, aliyehubiri kati ya Wasonge. Kazi ilipita kijiji kwa kijiji kwa miguu ya wainjilisti kama hao. Wengi wao majina yao hayakuwekwa katika kichwa cha kitabu chochote.

Hilo lilionekana mwaka 1960. Baada ya uhuru vita ilipoingia Katanga, wamisionari walipaswa kuondoka. Wawili wao, Teddy Hodgson na Elton Knauf, waliuawa mwezi wa Novemba mwaka huo. Burton mwenyewe aliondoka baada ya miaka 45. Kama kanisa lingekuwa limesimama juu ya karama ya mtu mmoja, lingekufa hapo. Halikufa. Wakongomani waliendelea na ibada katikati ya mauaji na njaa, na Jonathan Ilunga akawa kiongozi wa jumuiya.

Funzo lake ni rahisi, na ni zito. Kanisa linaokoka siku mbaya kwa sababu ya watu waliofundishwa kabla ya siku hiyo. Sisi tulio katika nchi ambapo kijiji kinaweza kukimbia usiku mmoja tunalijua jambo hili kuliko wasomi. Mchungaji akitenganishwa na waamini wake njiani, je, kuna mwingine anayeweza kubatiza, kuzika, kushika orodha ya waamini na kugawa msaada kwa haki?

Ghana: kukabidhi ukiwa hai

Mfano ambao watafiti wengi wameuandika ni Church of Pentecost ya Ghana. James McKeown, aliyetumwa na Apostolic Church ya Uingereza, alifika Gold Coast mwaka 1937. Alikuwa mtu wa karama, naye aliheshimiwa kama baba. Mwaka 1982 aliondoka, na F. S. Safo akawa mwenyekiti wa kwanza Mghana. Baada ya Safo walifuata M. K. Yeboah, Michael Ntumy, Opoku Onyinah, na tangu 2018 Eric Nyamekye. Yeboah alikabidhi mwaka 1998, Ntumy 2008, Onyinah 2018. Wote watatu walikabidhi wakiwa hai, kwa uchaguzi unaofanywa kwa utaratibu unaojulikana. Waamini waliona kwa macho yao kwamba mtu anaweza kuacha kiti na kubaki mtumishi wa Mungu.

Jambo la pili ni pesa. Katika kanisa hilo fungu la kumi haliishii katika mfuko wa kusanyiko. Linapelekwa kwenye mfuko mkuu, na posho za wachungaji zinatoka huko. Mchungaji wa mji mkubwa na mchungaji wa kijiji maskini wote wanatunzwa na kanisa zima, na anayehamishwa kwenda mbali haogopi kwamba watoto wake watalala njaa.

Hapo kuna siri moja ambayo tunapaswa kuitafakari. Mara nyingi mchungaji hang'ang'anii kiti kwa sababu ya kiburi. Anang'ang'ania kwa sababu akitoka hana nyumba, hana dawa, hana chakula cha uzeeni. Kanisa lisilopanga uzee wa mchungaji wake limemfunga kwenye kiti kwa mikono yake lenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtumishi naye bila mpango wa uzee anaweza kupoteza jina jema alilolijenga kwa miaka arobaini.

Akina mama: walioanza kazi na kuachwa mlangoni

Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Charles Barfoot na Gerald Sheppard, waliuliza kwa nini wanawake walikuwa wengi kati ya wahubiri wa Kipentekoste wa mwanzo, na baadaye sehemu yao ikapungua. Jibu lao lilikuwa hili: mwanzoni jambo kubwa lilikuwa wito. Yeyote ambaye Roho alimshukia aliweza kutoa neno, kwa kuwa Yoeli alitabiri juu ya wana na binti pamoja. Lakini kanisa lilipojengewa ofisi, mchungaji akawa msimamizi: anaongoza ndoa, anashika mali, anakaa na wakuu wa serikali. Kazi hiyo ilipopata mshahara na heshima, wanawake waliondolewa polepole.

Kila msomaji aangalie kusanyiko lake mwenyewe. Nani anashika zamu za mfungo katika vyumba vya maombi? Nani anatembelea wagonjwa, anapokea wakimbizi, anapika siku ya mkutano mkuu? Kisha tuulize: kati yao wangapi wanakaa katika komite inayoamua juu ya pesa? Makanisa yetu hayana msimamo mmoja juu ya uchungaji wa wanawake, na makala hii haiwezi kumaliza ubishi huo. Lakini kumpa mama kiti kwenye komite ya hesabu hakuhitaji kubadili fundisho lolote.

Hatari ya upande mwingine

Tusifikiri kwamba karatasi zitatuokoa. Watafiti hao hao wanaonya kwamba kanisa linaweza kuwa na kanuni nzuri na likafa ndani yake. Mikutano inaongezeka, ripoti zinaandikwa, na hakuna anayeombea wagonjwa. Kijana mwenye karama anaambiwa asubiri diploma. Kanuni yenyewe inaweza kugeuzwa kuwa silaha: mwenye muhuri anaitisha mkutano anapojua wapinzani wake hawawezi kufika, kisha anasema utaratibu umefuatwa.

Mtume Paulo alishika mambo yote mawili. Ni yeye aliyeandika kwa urefu juu ya karama kwa Wakorintho. Na ni yeye, katika 2 Wakorintho sura ya 8, aliyekataa kubeba peke yake changizo la watakatifu wa Yerusalemu. Alitaka asafiri na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele za watu pia. Mtu aliyejaa Roho hakuona aibu kuhesabiwa. Hata Musa, aliyesema na Mungu uso kwa uso, alimsikiliza mkwewe Yethro alipomwambia agawe kazi.

Tufanye nini katika makusanyiko yetu?

Hakuna haja ya kungoja mkutano mkuu wa jumuiya. Baraza la wazee linaweza kukaa jioni moja, kuomba, na kujibu maswali haya kwa maandishi:

1. Hati ya kiwanja cha kanisa iko wapi, na imeandikwa kwa jina la nani? Kama ni jina la mtu, ni lini itabadilishwa kuwa jina la kanisa?
2. Watu wangapi wanahitajika kutia sahihi ili pesa itoke? Kama ni mmoja, kwa nini?
3. Mchungaji akiugua miezi mitatu, au njia ikifungwa kwa vita, nani anachukua kazi, na waamini wanalijua jina lake?
4. Akifariki, njia ya kumpata mwingine ni ipi? Nani anaitisha mkutano, na katika siku ngapi?
5. Mjane na watoto wake watakaa wapi, na kwa muda gani?
6. Mchungaji akifikia umri wa kupumzika, kanisa limemwandalia nini?
7. Mwaka huu, ni nani anafundishwa kazi kando yake?

Ni vema mchungaji mwenyewe aanzishe mazungumzo haya, wala asingoje kuulizwa. Mshiriki akiuliza, ataonekana kama anangojea kifo cha baba. Baba akiuliza mwenyewe, anawapa watu amani. Musa hakungoja mpaka pumzi ya mwisho. Ni yeye aliyemwomba Bwana aweke mtu juu ya mkutano, ili watu wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji.

Na ninyi vijana mnaosoma UEA Bukavu, ULPGL Goma, Shalom Bunia na vyuo vingine vya huku: mnapotafuta kichwa cha kazi yenu ya mwisho, msiende mbali. Wazee wanaojua nani alijenga kanisa la kijiji chenu, nani alimfuata na namna gani, wanapungua kila mwaka. Chukueni daftari, mwende kuwauliza. Mkiandika habari hizo leo, siku ya matanga wazee wa kanisa lenu watakuwa na mahali pa kuanzia.

Bwana alinde makanisa yake, na awape watumishi wake neema ya kuanza vizuri na kukabidhi vizuri.